Daftari la Mapaja

Kuna watu wakikutana na mtu njiani humtazama usoni, na kuna wanaotazama viatu. Mama Futi alitazama mapaja. Hakuwa na nia mbaya wala umbea, ni kazi tu iliyomharibu macho. Miaka saba ya kuwashonea bukta wanawake wa klabu ya baiskeli ilimfanya aone miguu mpaka ndotoni, miguu isiyo na wenyewe, ikizunguka taratibu kwenye barabara isiyo na mwisho, na yeye akiifuata kwa nyuma na futi yake mkononi, akiiomba isimame kidogo apime. Haikusimama hata siku moja.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha pana linalotazama barabara ya lami. Alikuwa na cherehani mbili, ile ya kukanyaga kwa mguu aliyoachiwa na mama yake, na nyingine ya umeme ya kupigia kingo. Palikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, kigoda cha mteja kusimamia, na msumari wa kuning'inizia futi. Mchana jua lilipita katika vitambaa alivyotundika dirishani, chumba kikawa cha buluu, upepo ukivuta kidogo kikawa chekundu, na Mama Futi, mguu ukiwa kwenye kanyagio, akawa hayuko macho wala hajalala. Wateja walishamzoea. Walisimama mlangoni wakakohoa mpaka arudi.

Zamani alishona sare za shule, kazi ya heshima lakini isiyo na ndoto, maana watoto wa shule hawana mapaja, wana magoti tu, nayo yamechubuka. Halafu siku moja akaingia mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani, ameshika bukta iliyopasuka katikati, akalalamika kwamba za dukani zinawaumiza wanawake wake. Mama Futi akamuuliza ana wanawake wangapi. Mwalimu akajibu kumi na wanne. Ulipita muda kabla haijaeleweka kwamba mgeni ni kocha, na walicheka mpaka majirani wakachungulia.

Kocha yule alikuwa mtu wa kueleza. Hakuweza kukuomba maji ya kunywa bila kukufundisha yanavyochemka. Alichukua chaki ya kushonea akachora paja juu ya meza, akaonyesha msuli wa mbele unaosukuma pedali kwenda chini, wa nyuma unaousaidia, na wa makalio ambao ndio unaoanzisha mambo yote. Msuli mnene, alisema, una nyuzi nyingi za kuvuta, kwa hiyo aghalabu hutoa nguvu nyingi, na nguvu hiyo hupimwa kwa wati, kama taa. Hapo Mama Futi aliduwaa. Tangu siku ile, wanawake wa klabu walipopita dirishani kwake asubuhi na mapema, aliwaona kama taa zinazotembea, huyu wati mia mbili, yule mia mbili na ishirini, na hata walipokwisha kupotea kwenye kona, barabara ilibaki na mwanga wao.

Alijifunza kazi ile kwa mikono. Alimsimamisha mteja wima kwenye kigoda, uzito wake miguu yote miwili, akazungusha futi pale paja linapokuwa nene kuliko popote. Ilifika mahali akiweka kiganja tu alimjua aliyekwepa mazoezi, na alimwambia. Kisha aliandika kwenye daftari. Na hapa ndipo penye mambo yote, kwa hiyo tupaangalie vizuri: hakuandika kile alichokisoma kwenye futi. Bukta ya baiskeli hukatwa ndogo kuliko mwili, ili ikivaliwa ivutike na kushika. Basi paja likiwa sentimita hamsini na tano, yeye alitoa tatu kichwani akaandika hamsini na mbili, kipimo cha kupitisha mkasi. Aliandika kitambaa, hakuandika mguu. Mguu unabaki na mwenyewe, alikuwa akisema, hauhitaji kuandikwa.

Kati ya kurasa zote za daftari lile, mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Mtoto huyu alikuwa wa pekee, alilelewa chini ya cherehani akichezea vipande, na baba yake alikwisha fariki kabla hajajua kusoma. Alijiunga na klabu akiwa na miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na ishirini na miwili, na misimu yote minne alikuwa mtu wa akiba. Kila mwaka waliteuliwa sita kwenda kwenye mashindano ya vilima vitatu, na kila mwaka yeye aliwabebea wenzake chupa za maji, akawashangilia mpaka sauti ikakauka, akarudi nyumbani akafunga mlango wa chumba chake.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mwanamke waliyemwita Jongoo. Alifua mashuka ya hospitali, alikuwa na miaka thelathini na sita na watoto wawili. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, ila ukimtafuta pale ulipomwacha, hayupo. Kwa miaka mitano mfululizo alikuwa miongoni mwa wale sita. Hakuongea sana. Alipokuwa akipimwa alifumba macho, akasimama kimya kama maji mtungini, na Mama Futi alipenda kumpima kuliko wote, ingawa hakuwahi kulisema hilo mbele ya bintiye.

Kila msimu klabu iliazima baiskeli ya kupimia wati kutoka chuo cha michezo, ile isiyokwenda popote, unakanyaga ukiwa palepale na namba zinapanda kwenye kioo. Msimu huu chuo kikasema kinaihitaji chenyewe. Kocha alihangaika. Watano aliwajua, wa sita ndiye aliyemkosesha raha, kwa sababu Jongoo na binti wa fundi walikuwa wakifika pamoja siku nyingi za mazoezi. Ndipo akalikumbuka daftari. Alikuja mchana mmoja, akakaa kwenye kigoda cha wateja magoti yakimfika kifuani, akasema kwamba mle ndani mmelala miguu ya misimu saba na hakuna aliyewahi kuiamsha. Mwenye msuli unaoongezeka atajulikana, na mwenye msuli unaopungua atajulikana pia.

Mama Futi alilifuta jalada kwa upindo wa gauni kabla ya kumkabidhi. Hakuna mtu aliyewahi kuliomba daftari lake. Kocha hakuuliza namba zile zilipatikana vipi, na Mama Futi hakukumbuka kwamba kuna la kueleza, maana kwake ilikuwa sawa na kueleza kwamba sindano ina tundu. Siku hiyo alishona akiwa anaelea. Jioni alijikuta ameshona mifuko mitatu kwenye shati moja.

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa klabu, na jina la sita lilikuwa la bintiye. Alirudi nyumbani mbio, baiskeli akaiangusha uani, akambeba mama yake juujuu na futi shingoni, akamzungusha mpaka vitambaa vikaanguka dirishani. Alilia, akacheka, akalia tena. Mama Futi aliona dari inapita na kioo kinapita, akajisikia hana uzito, akatamani asishushwe. Alikuwa amemsubiria mtoto wake furaha hii kwa miaka minne, na sasa ilikuwa mikononi mwake, ina jasho na inanuka mafuta ya mnyororo.

Jumanne Jongoo akaja. Alikuwa ametoka kazini, vidole vyake vimekunjamana kwa maji, na mkononi ana bukta mpya ambayo Mama Futi alimshonea mwezi uliopita. Alieleza kwa ufupi, bila lawama. Kocha alimwita akamwonyesha namba zake, mwaka jana hamsini na mbili, mwaka huu hamsini, wakati za binti zilikuwa zimetoka hamsini na moja zikafika hamsini na mbili. Kocha alisema ni umri, misuli huanza kuondoka yenyewe, si kosa la mtu. Jongoo hakubisha. Usiku kucha alikuwa akijishika mapaja, na kweli akaanza kuyaona membamba.

"Kwa hiyo nipunguzie, dada," akasema akimpa ile bukta. "Kama nimekwisha, isinipwaye."

Mama Futi akamwambia aivae kwanza. Jongoo akapanda kigoda, akafumba macho kama kawaida yake. Bukta haikupwaya. Ilikuwa imeshika kila mahali, na upindo wake ulikuwa umeacha alama kwenye ngozi. Mama Futi alichukua futi msumarini, akapiga magoti, akaipandisha bukta, akazungusha futi juu ya ngozi tupu. Hamsini na sita. Akapima tena, akapima na mguu wa pili. Hamsini na sita.

Alibaki amepiga magoti, na mambo yakamjia moja baada ya jingine bila haraka. Jongoo alichelewa kuja kupimwa msimu huu kwa sababu ya zamu za hospitali. Alipofika, kitambaa kizito cha siku zote kilikuwa kimekwisha, limebaki jora jipya la kitambaa chepesi kinachovutika kama mpira. Kitambaa kile hakishiki kikipunguziwa tatu, hupunguziwa sita. Hamsini na sita, toa sita, akaandika hamsini. Mwaka jana ilikuwa hamsini na tano, toa tatu. Mguu wa Jongoo ulikuwa umeongezeka. Kilichopungua kilikuwa kitambaa, na miguu ya wenzake wote ilikuwa imekatiwa kwenye kile cha zamani.

Alifungua mdomo aseme. Mlangoni, baiskeli ya bintiye ilikuwa imeegemezwa, imeoshwa, inang'aa.

"Iache," akasema. "Nitaiangalia."

Jongoo akashukuru, akaondoka kwa mwendo wake ule usio na haraka, na Mama Futi akaona haya mpaka masikio yakamchemka.

Siku zilizofuata zilipita kama watu wanaotembea ndani ya maji. Jumatano alijiambia labda mguu umevimba, kusimama kutwa kwenye mashine za kufulia si mchezo. Alhamisi alijiambia futi yenyewe imechakaa, akaipima kwa rula ya chuma, ikatoka sawasawa. Ijumaa alijiambia kocha ni mtu mwenye elimu yake, angetaka kujua angeuliza. Alikanyaga cherehani bila uzi na hakujua. Asubuhi wanawake wakipita dirishani aliiona taa ya Jongoo nyuma kabisa, anaendesha na wenzake ingawa hatakwenda, anatangulia mbele upepo ukizidi ili wale sita wajikinge mgongoni kwake, kisha anarudi nyuma tena. Mbele alikuwapo bintiye, mabega chini, anapendeza kuliko wote. Mama Futi alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikauma, na kifua kilikuwa kinauma kwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Jumamosi mchana ilikuwa siku ya kujaribu jezi ya mashindano. Binti alisimama kwenye kigoda mbele ya kioo, jezi ya buluu imejaa pini, anajigeuza huku na huku na kuzungumza juu ya kilima cha tatu, atakavyokaa nyuma ya wenzake mpaka mita mia tatu za mwisho. Mama Futi alikuwa na pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akapiga moyo konde, akaeleza yote, kitambaa kipya, zile tatu na zile sita, hamsini ambayo ilikuwa hamsini na sita. Alizungumza akitazama upindo wa jezi.

Binti hakusogea, pini zingemchoma.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu Jumanne."

"Leo Jumamosi, mama."

 Binti akainua mikono ili avuliwe, kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mama yake akamvua ile jezi taratibu, pini zikikwaruza hapa na pale, na hakuna aliyesema pole. Kisha binti akatoka uani akakaa karibu na baiskeli yake. Mama Futi alivaa viatu akaenda kwa kocha kwa miguu, daftari kwapani.

Alimkuta kocha akisahihisha mitihani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema yeye kila mwaka huwanyima alama wanafunzi wanaoandika namba bila kusema ni ya kitu gani, na sasa amekula namba nzima bila kutafuna. Hakumlaumu fundi. Alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja wa hesabu, akaanza kucheka kwa uchungu. Kilima cha nyuma ya hospitali kina kimo cha mita mia na ishirini, kimepimwa, kimo chake kimeandikwa kwenye jiwe la juu. Ukijua uzito wa mtu na baiskeli yake, ukajua na sekunde alizotumia kupanda, unapata wati bila kuazima kitu kwa mtu. Kilima kilikuwepo siku zote. Alikuwa amekisahau kwa kupenda daftari.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa barabarani. Walipimwa kwenye mizani ya mashuka ya hospitali, kila mmoja na baiskeli yake, Jongoo kilo sabini, binti sitini na tatu. Mama Futi alipanda pikapu ya kocha mpaka juu, akakaa kwenye lile jiwe, akapewa saa aishike. Alikuwa hajawahi kuwaona wakipanda, alizoea kuwaona wakipita tu. Chini hakikuonekana kitu. Halafu ukungu ukatoa miguu, kwanza miguu peke yake kabla ya nyuso, inazunguka taratibu, na kwa muda Mama Futi hakujua kama yuko kilimani au yuko kwenye ndoto yake ya kila siku. Mapaja aliyoyashika kwa mikono yake kwa miaka yalikuwa yanajaa na kuachia, yanajaa na kuachia, na kitambaa alichokikata kilikuwa kinayashika vizuri. Kocha, aliyerudi chini na saa iliyolinganishwa na ile ya juu, aliwaanzisha kwa kupishana dakika mbili, bintiye akiwa wa kwanza. Alipofika karibu, mama yake aliona anavyosimama juu ya pedali, uso umekunjana, na akataka ashinde. Tusimsingizie wema asiokuwa nao. Alishika saa na kutaka kwa moyo wote ikawie kutembea.

Binti alitumia dakika tano na sekunde hamsini na moja. Jongoo alikuja nyuma yake akiwa amekaa kwenye siti kama mtu anayekwenda sokoni, akapita jiwe, dakika tano na sekunde arobaini. Kocha akapanda tena na pikapu, akakokotoa juu ya boneti. Jongoo wati mia mbili arobaini na mbili, binti mia mbili na kumi na moja. Hakuna aliyepiga makofi. Jongoo alitazama mapaja yake kwa muda mrefu, akayapapasa kidogo, kama mtu aliyerudishiwa vitu vyake. Binti alimpa chupa ya maji, kwa kuwa alikuwa amezoea kuibeba.

Kwenye mashindano Jongoo aliwakinga wenzake na upepo wote wa tambarare na vilima viwili, akamaliza wa tisa, na mmoja wao akawa wa pili kwa sababu yake. Jezi ya buluu Mama Futi aliifumua akaipanua akamshonea yeye. Binti alisimama kando ya barabara akashangilia, sauti ikamkauka. Nyumbani alimsalimia mama yake, akala chakula chake, akasema asante, na basi. Hakuwa amenuna. Angekuwa amenuna, Mama Futi angejua la kufanya. Ilikuwa zile siku nne, Jumanne mpaka Jumamosi, zimekaa katikati ya meza yao, na kila mmoja anazizunguka asizimwage. Alfajiri binti alitoka peke yake kwenda kilimani, na mama alisikiliza mnyororo mpaka usisikike tena.

Miezi ilipita hivyo. Mwanzo wa msimu mpya, wanawake walipokwisha kupimwa wote, mchana mmoja chumba kikiwa chekundu, mtu akakohoa mlangoni. Binti alipanda kigoda. Mama Futi alichukua futi, akapiga magoti, akaizungusha, akasoma, akaishikilia palepale kwa muda zaidi ya uliohitajika kwa sababu alikuwa hajamgusa mwanawe siku nyingi. Kisha akavuta daftari, na mkono wake, kwa mazoea yake ya miaka, ukaanza kuandika namba ya mkasi.

Binti akainama, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Andika mguu, mama."

Mama Futi akafuta. Akaandika hamsini na tano, wazi, kubwa, akamgeuzia aione. Binti aliisoma, akafunua kurasa mwenyewe mpaka kwenye ule wa Jongoo, ambapo ile hamsini ilikuwa imekatwa kwa kalamu na pembeni pameandikwa hamsini na sita.

"Bado moja," akasema, akashuka kigodani, akaenda kuchukua baiskeli.